Choo cha Bwana Afya

Katika mambo yote ayafanyayo mwanadamu, hakuna alitendalo kwa hakika zaidi na kulitaja kwa uchache zaidi kuliko kwenda choo. Tajiri huenda na maskini huenda. Mfalme huenda na mtumishi wake huenda. Mcha Mungu aliyejitenga kwa ibada huenda, na mwizi aliyejificha huenda. Lakini ulimi ufikapo hapo hujipinda. Mwenye adabu hasemi aendako: huenda haja, huenda msalani, hujisaidia, au huomba udhuru akatoka nje kidogo. Kiswahili kimefanya na ajabu nyingine. Neno choo ni jina la mahali, na tena ni jina la kitu kiachwacho mahali hapo, hata mama aweza kusema kwa furaha kwamba mtoto amepata choo katika nyumba isiyokuwa na choo.

Haya hiyo si ila. Ni sehemu ya utu, na asiyekuwa nayo hastahili kusifiwa kwa kuikosa. Walakini maradhi hayana haya. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, safura na kichocho husafiri katika njia ile ile ambayo ulimi hukataa kuitaja. Kuhara huua watoto wapatao 440,000 wasiotimiza umri wa miaka mitano kila mwaka duniani, na mwaka 2022 watu wapatao milioni 419 walikuwa bado wakienda haja porini, ufukoni na kando ya mito. Dawa ya jambo hili yajulikana tangu zamani: shimo, mfuniko, maji na sabuni. Shida haiko katika dawa, bali iko katika neno. Msemaji aseme nini, na kwa sauti gani, hata mtu atoke porini aingie chooni, na kesho arudi chooni pasipo kusukumwa?

Wako wadhanio kwamba choo ni kitu kigeni kilicholetwa Afrika Mashariki pamoja na kofia ya serikali ya kikoloni. Dhana hiyo haina msingi. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17, yana vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe, na mahali pa kutawadhia. Katika karne ya 19 nyumba kubwa za Unguja zilikuwa na vyoo pia, lakini ufuko wa mji ule ule ulikuwa choo cha wasiokuwa na nyumba hizo, hata Livingstone akaupa mji jina la kejeli kwa uvundo wake. Daktari James Christie, aliyekuwako Unguja wakati kipindupindu kilipoua maelfu ya watu mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo, kikachapwa London mwaka 1876. Baadaye Sultani Barghash akaleta mjini maji ya chemchemi kwa mifereji, na hiyo ni sifa yake hata leo. Choo basi kilijulikana. Kisichojulikana ni kwamba uchafu wa mmoja humfikia hata jirani aliyejijengea choo cha mawe.

Wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru vile vile, jawabu lililopendwa na wenye mamlaka lilikuwa amri. Kila nyumba ichimbe choo. Asiyechimba alipe faini. Mtekelezaji wa amri vijijini Tanzania alikuwa afisa wa afya, aliyeitwa na watu Bwana Afya, jina lililobeba heshima na hofu kwa vipimo vilivyokaribiana. Alikuja kwa baiskeli, na daftari kwapani. Watoto walipomwona bondeni walikimbia kupeleka habari, na kabla baiskeli haijafika kwenye mwembe mafagio yalikuwa yamekwisha shikwa, mitungi imekwisha funikwa, na mbuzi wamekwisha ondolewa barazani. Bwana Afya alitazama, akahesabu, akaandika, akaenda zake. Daftari lake halikuwa na uwongo hata neno moja: vyoo vilikuwapo. Lakini laiti angalitazama chini badala ya kutazama kuta, angaliona kwamba hapakuwa na njia iliyokanyagwa kutoka mlango wa nyumba kwenda mlango wa choo. Majani yalikuwa mabichi.

Husimuliwa pwani habari za mzee mmoja ambaye choo chake kilipigiwa mfano kijiji kizima. Kilikuwa na kuta za fito zilizokandikwa udongo vizuri, paa la makuti mapya, na mlango wa mbao wenye kufuli. Ufunguo alikaa nao mzee mwenyewe. Mgeni wa heshima alipokuja alifunguliwa, alipoondoka palifungwa. Miaka mitatu choo hicho kiliandikwa katika daftari kuwa chema, nacho kilikuwa chema kweli kweli, kwa sababu hapana aliyekitumia.

Mwaka wa nne aliletwa Bibi Afya, msichana aliyetoka chuoni karibuni. Hakuanza kwa daftari. Alikaa jamvini pamoja na wanawake wa nyumba ile waliokuwa wakisuka ukili, naye akachukua miyaa akasuka, vibaya, wakamcheka. Kicheko kilipokwisha alimwuliza mke wa mzee, kwa sauti ya mtoto amwulizaye mama yake, kwa nini choo kizuri namna ile kilifungwa.

“Mwanangu,” akasema mama, “choo ni kimoja, na nyumbani humu yumo mke wa mwanetu. Baba mkwe atoke, na mkazamwana amesimama mlangoni akingoja? Watatazamana kwa macho gani?”

“Na porini, mama, je, hawatakutana?”

“Porini hapana mlango. Pasipo na mlango hapana wa kukutana naye.”

Mkazamwana alikuwa hajasema neno. Akasema sasa, bila kuinua macho katika ukili wake, kwamba yeye huenda bondeni kabla ya alfajiri. Kisima pia kilikuwa bondeni. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto wa miezi 11, aliyeharisha siku nne. Hakuna aliyeyaunganisha maneno hayo kwa sauti. Wanawake waliendelea kusuka, na Bibi Afya, ambaye alikuwa amefundishwa hotuba nzima juu ya visima na vijidudu, alikuwa na akili ya kutosha ya kuinyamazia hotuba yake siku ile. Alipoinuka kuaga aliuliza jambo moja tu: kama lingechimbwa shimo la pili nyuma ya jiko, na mlango wake ukaelekea mgombani, je, baba mkwe angekuwa na sababu ya kupita huko?

Maneno waliyosemezana mzee na mkewe usiku ule hayakusikiwa na mtu. Asubuhi mzee alimwita mwanawe, akampa jembe, akamwonyesha mahali.

Katika kisa hiki amri ilishindwa kwa miaka mitatu kwa sababu haikuwa na sikio. Ilisema, wala haikungoja kujibiwa. Mwiko wa wakwe kuepukana chooni umeonekana katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, nao si ujinga, ni heshima iliyojengewa mahali pasipofaa. Kwa Wachaga wa zamani jambo hili lilikuwa na siri kubwa zaidi. Wataalamu walioandika habari za jando lao walieleza kwamba wanaume waliokwisha kutahiriwa walidai mbele ya wanawake na watoto kuwa hawaendi tena haja kubwa, na kila mwanamume alilinda dai hilo kwa kujificha. Wanawake, yasemekana, walijua, wakanyamaza kwa adabu. Mtu na acheke apendavyo, lakini na afikiri pia: mbele ya mwanamume kama huyo, amri ya kujenga choo wazi kando ya nyumba ilikuwa amri ya kuuvunja uanaume wake hadharani kwa fito na makuti.

Juhudi iliyokuwa na sikio ilikuja mwaka 1973, ikaitwa Mtu ni Afya. Tanzania ilikuwa imekwisha jaribu elimu ya redio kwa vikundi katika miaka iliyotangulia, lakini hapakuwa na kitu kilicholingana na kile. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, chini ya miti, madarasani na barazani, wakasikiliza kipindi cha redio. Redio ilipozimwa, mwenye kujua kusoma aliwasomea wenziwe kijitabu kilichotungwa kwa ajili hiyo, kisha wakazungumza. Kikundi hakikuulizwa kama kimefahamu. Kiliulizwa kitafanya nini. Malaria ilizungumzwa, na safura, na kichocho, na maji, na kuhara damu. Vyoo vilivyochimbwa mwaka ule vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wengi walivichimba kwa kusaidiana, kikundi kikihama kutoka ua hadi ua kama ilivyokuwa desturi ya kilimo.

Jina lenyewe lilikuwa nusu ya kazi. Halikusema “chimba” wala “acha”. Lilimwambia mtu habari ya nafsi yake kwa maneno matatu, katika mizani ya methali, hata mkulima asiyejua kusoma aliweza kulichukua kichwani akaenda nalo shambani. Yafaa kukiri pia kilichofuata. Miaka ile ile watu kwa mamilioni walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na waliohama waliacha nyuma nyumba zao, miembe yao na vyoo vyao vipya. Mkono uliochimba kwa hiari mwaka 1973 uliamriwa kuchimba tena mahali pengine, na hapana kitu kiuacho hiari upesi kuliko kuiamrisha.

Lugha yenyewe ina msaada ambao wasemaji wengi wa afya huupita. Vitabu vya Kiingereza hufundisha njia za uchafu kwa maneno matano yanayoanza kwa herufi moja, na aliyesoma huko huyakumbuka mpaka kufa. Mfasiri akiyaleta kwa Kiswahili neno kwa neno, herufi hupotea na kumbukumbu hupotea nayo. Wala hakukuwa na haja ya kufasiri. Kinyesi humrudia mtu kinywani kwa mikono, kwa maji, kwa mashamba, kwa mlo na kwa mainzi: mitano hiyo yote yaanza kwa herufi moja, na mwanafunzi wa darasa la pili aweza kuihesabu kwa vidole vyake. Kwa mikono ndiyo njia fupi zaidi. Na mikono iliyo ya hatari kuliko yote mara nyingi ni ya mama mwema, aliyemsafisha mtoto mchanga akaendelea kusonga ugali, kwa kuwa kila mtu amemwambia tangu utoto kwamba choo cha mtoto hakina ubaya. Kina ubaya kama cha mtu mzima, na huenda kikazidi. Ni jambo la kushangaza kwamba watu hawa hawa wana desturi nzuri ya kumiminiana maji ya birika mikononi kabla ya kula, mdogo akianza na mkubwa, na hakuna aliyelazimishwa na sheria. Desturi ile haikujengwa juu ya hofu ya maradhi. Ilijengwa juu ya adabu ya kukaa mbele ya chakula pamoja na watu.

Njia nyingine ilitoka mbali. Katika Bangladesh, mwaka 1999 na 2000, Kamal Kar aliwataka wanakijiji wachore ardhini ramani ya kijiji chao, kila mmoja aonyeshe nyumba yake, kisha aonyeshe aendako haja. Baadaye wote huenda kwa miguu mpaka mahali hapo na kusimama, wakinusa. Bilauri ya maji safi hupitishwa, na watu husema watakunywa. Unywele huguswa kinyesini, ukachovywa katika maji yale, na bilauri hupitishwa tena. Hakuna anywaye. Mgeni haongezi neno, hatoi hotuba, hatoi saruji ya bure. Wanakijiji wenyewe hutamka kwamba wamekuwa wakilishana mavi, kwa neno hilo hilo lisilo na pazia, na aghalabu siku ile ile huazimia kuchimba. Kenya iliipokea njia hii mwaka 2007, na mwaka 2011 ikaweka shabaha kwamba kufikia 2013 pasiwe na kijiji hata kimoja ambacho watu wake wanakwenda haja porini. Shabaha hiyo haikufikiwa, ingawa vijiji vingi vilibadilika kweli.

Nguvu ya njia hii ni kwamba hulivunja lile pazia la lugha mara moja, na kwamba jibu hutoka katika kinywa cha mwenye nyumba. Ubaya wake hufuata baada ya mgeni kuondoka. Aibu ni moto: hupika, na huunguza. Mwenye ng'ombe na wana wanne hutumia siku tatu, naye ameponyoka. Mjane mzee, mwenye kiwanja cha mchanga usiokubali shimo, hubaki peke yake na aibu ya kijiji kizima. Katika nchi za Asia watoto walipewa filimbi wawapigie watu wazima waliokutwa porini. Yawezekana filimbi iliongeza vyoo. Lakini kijiji kinachomfundisha mtoto kumpigia bibi yake filimbi kimelipa thamani ambayo haimo katika hesabu ya vyoo, na mwenye kuipongeza kazi hiyo na aitie hasara hiyo katika hesabu yake.

Kinyaa ni kitu kingine, ijapokuwa wengi hukichanganya na aibu. Aibu yahitaji macho ya watu. Kinyaa humshika mtu hata akiwa peke yake gizani. Valerie Curtis, mtaalamu wa London aliyefariki mwaka 2020, aliifanya hali hii kuwa elimu. Alionyesha kwamba mama haogi mikono kwa kuogopa kijidudu asichokiona, bali kwa kuchukizwa na kile adhaniacho kimegandamana na vidole vyake. Nchini Ghana wakatengeneza picha ya televisheni ya mama atokaye chooni na rangi ya zambarau mikononi, nayo rangi ikaingia katika chakula cha mtoto. Hapana hotuba ya daktari iliyoweza kufanya kazi ya rangi ile.

Amri haikufa, na mara nyingine hurudi ikiwa na nia njema. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, Rais Magufuli alifuta sherehe za uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka ule akataka siku hiyo iwe ya kufagia, naye mwenyewe akatoka na kufanya usafi. Nchi nzima ilifagia. Ilikuwa siku ya kupendeza, na mitaro mingi ilizibuliwa ambayo haikuwa imeguswa kwa miaka. Kipindupindu kiliendelea hata baada ya siku ile, kwa kuwa fagio la barabarani halifiki chooni.

Mwaka 2017 ilizinduliwa Tanzania kampeni iliyoitwa Nyumba ni Choo, ikitanguliwa na onyo la vijana, “Usichukulie poa”. Wako waliokunja uso kwa kuona lugha ya mtaani katika mdomo wa serikali, na kukunja uso huko si haki. Maneno ya mbele yalikuwa ya kijana wa kituo cha basi. Maneno ya nyuma yalikuwa na sura ya wahenga. Asikiaye “nyumba ni choo” na aliyelelewa katika Kiswahili hukumbuka papo hapo kwamba nyumba njema si mlango, yataka uingie ndani. Mwenye nyumba ya bati jipya na kochi la sebuleni akajikuta anaulizwa na mtu mchangamfu, kwa mzaha, kuhusu kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake, naye hakutukanwa. Aliambiwa kwamba heshima aliyoianza kwa bati bado haijamalizika. Na mwaka 2024 jina la Mtu ni Afya lenyewe lilirudishwa kwa kampeni mpya, baada ya zaidi ya nusu karne, jambo linaloonyesha kwamba maneno yale matatu yalikuwa bado hayajachakaa.

Hata hivyo neno lina mpaka wake. Mahali pengi pwani shimo la mchanga hubomoka kabla halijafika kina cha mtu, na mengine hukuta maji, na mengine hukuta mwamba wa matumbawe. Wenye werevu hushindilia humo mapipa yaliyotobolewa au matairi makuukuu. Sakafu ya zege yataka saruji, na saruji yataka fedha. Kibuyu chirizi, kile chombo cha maji kiinamishwacho kwa kukanyaga kijiti, kimewafaa wengi kwa kuwa hakina gharama, lakini nacho chataka maji, na mwenye kuyafuata maji mwendo wa saa nzima huyapima kwa kikombe. Kumwimbia mtu huyo nyimbo za kunawa mikono pasipo kumsogezea bomba ni namna ya dhihaka, hata nyimbo ziwe tamu vipi.

Tena shimo hujaa. Hili husahauliwa na wote wahesabuo vyoo, maana kampeni haikai mpaka shimo lijae. Katika nyumba ya mzee yule, shimo la nyuma ya jiko lilijaa mwaka wa saba. Bibi Afya alikuwa amekwisha hamishiwa wilaya nyingine, na redio ilikuwa ikizungumza habari za uchaguzi. Haukuja ujumbe wala daftari. Mkazamwana ndiye aliyesema, na mumewe akachukua jembe kabla ya masika, akachimba siku mbili na nusu, akashindilia mapipa. Mzee, ambaye sasa macho yake yalikuwa hafifu, alisikia kishindo cha jembe kutoka barazani. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaoa baada ya Ramadhani. Akauliza mlango umeelekezwa wapi. Wakamwambia mgombani.